Waliolipa na Waliomaliza: Tuipimeje Elimu ya Watu Wazima Vyuoni?

Mtu mzima anayeishi Migosi na kufanya kazi mjini Kisumu hakosi mahali pa kusoma. Chuo Kikuu cha Maseno kina bewa katikati ya jiji na kitengo cha masomo ya mtandaoni. Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga, chenye makao yake Bondo, nacho kimefika Kisumu. Vyuo vya Nairobi, JKUAT na Mount Kenya vimewahi kufungua mabewa hapa, na Chuo Kikuu cha Great Lakes kilikua papa hapa kutokana na taasisi ya afya ya jamii. Tangu Agosti 2023, Chuo Kikuu Huria cha Kenya chenye makao Konza kinamfikia kwenye simu yake akiwa sebuleni. Matangazo ya masomo haya yanafanana kama mapacha: jioni, wikendi, mtandaoni, kozi imeidhinishwa, karo hulipwa kwa awamu. Yasichosema ni jambo moja tu: kati ya watu wazima mia walioanza kozi hiyo miaka mitano iliyopita, wangapi wameimaliza?

Kimya hicho ndicho kiini cha mkanganyiko uliopo. Kila anayezungumzia programu za watu wazima ana kipimo chake. Msimamizi wa serikali hutazama ithibati, mwajiriwa hutazama cheo na mshahara, chuo hutazama idadi ya waliosajiliwa na fomu za kuridhika, na wachache hukumbuka kwamba elimu hii ilianzishwa kwa ajili ya umma, wala si kwa ajili ya vyeti. Vipimo hivi havikubaliani, na programu moja huweza kufaulu kwa kimoja ikaanguka kwa kingine. Uchambuzi huu unavipima vyote. Hoja yake ni kwamba kipimo kilichosahauliwa kuliko vyote, yaani sehemu ya walioanza ambao hufika mwisho, ndicho kingepaswa kuwa cha kwanza, mradi kilindwe na mtihani usiosimamiwa na chuo chenyewe peke yake.

Jinsi malengo matatu yalivyochanganyika

Elimu ya chuo kikuu kwa watu wazima katika Afrika Mashariki haikuanza kama biashara. Makerere ilianzisha idara ya masomo ya nje ya chuo mwaka wa 1953, na kazi yake ilikuwa kupeleka mihadhara na mijadala kwa watu wasioweza kwenda Kampala. Nairobi ilipopata chuo chake, kazi hiyo ilihamia huko kwa upande wa Kenya. Kisumu ina kumbukumbu nzuri ya zama hizo: mwishoni mwa miaka ya 1960, Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda, alikuwa mwalimu wa idara hiyo mjini hapa, na mwaka wa 1968 aliandaa tamasha la sanaa. Hakuna aliyeuliza tamasha lile lilitoa shahada ngapi. Lengo lilikuwa kuupanua upeo wa raia, na kipimo kilikuwa kama watu wanakuja, wanabishana na wanarudi tena.

Lengo la pili lilikuwa kuwainua wafanyakazi waliokuwa kazini tayari. Mwaka wa 1967 chuo cha Nairobi kilianzisha kitengo cha masomo kwa njia ya posta kilichowafikia walimu wa shule za msingi kwa vitabu na vipindi vya redio. Mwalimu aliyejiandaa hivyo na kufaulu mtihani wa kitaifa wa kidato cha pili aliweza kupandishwa daraja. Hapo kipimo kilikuwa wazi kabisa, kwa sababu aliyefundisha hakuwa ndiye aliyetahini. Mwaka wa 1986 Nairobi ikafungua shahada ya ualimu kwa wanafunzi wa nje, na baadaye vyuo vingi vikaanzisha masomo ya likizo, ambapo mwalimu husoma shule zinapofungwa Aprili, Agosti na Desemba.

Lengo la tatu ni fedha. Mwaka wa 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwapokea wanafunzi wa kujilipia katika mfumo ulioitwa Moduli ya Pili, na vyuo vingine vya umma vikafuata. Wafanyakazi waliotamani masomo ya jioni walipata nafasi, lakini vijana waliotoka shuleni bila kuchaguliwa na serikali waliipata pia, na ndio waliojaza madarasa. Mabewa yakachipuka katika majumba ya ghorofa ya kila mji. Kisha mambo yakageuka. Baada ya udhibiti wa wizi wa mitihani kukazwa, watahiniwa wa KCSE waliopata alama ya kuingia chuo kikuu, yaani C+ au zaidi, walishuka kutoka 169,492 mwaka wa 2015 hadi 88,929 mwaka wa 2016, na serikali ikaweza kuwachukua wote waliohitimu. Kundi la vijana wa kujilipia likayeyuka, na vyuo vikabaki na majengo ya kupanga, wahadhiri wa muda na madeni. Mteja aliyebaki ni mtu mzima. Ndiyo maana anabembelezwa leo kuliko wakati wowote, na ndiyo maana anahitaji kipimo kilicho bora kuliko tangazo.

Kipimo cha ithibati

Kipimo cha kwanza ni cha kisheria. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliunda Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na kuipa mamlaka ya kukagua programu, walimu, maktaba na vifaa. Nguvu ya kipimo hiki ni ulinzi. Bila Tume, mtu angeweza kukodi vyumba viwili juu ya duka la simu na kuviita chuo. Tume imewahi kuonyesha kwamba ina meno: mapema 2016 iliagiza Chuo Kikuu cha Kisii kifunge mabewa 10 yasiyotimiza masharti. Hatua kama hiyo huwaokoa wanafunzi wajao, ingawa huwaumiza waliopo, ambao hulazimika kuhamia bewa la mbali na kazi zao. Kwa kijana anayekaa hosteli, kuhama bewa ni usumbufu. Kwa karani mwenye watoto Migosi, mara nyingi huwa ndio mwisho wa masomo.

Udhaifu wa ithibati ni kwamba hupima kinachoingia zaidi ya kinachotoka. Mkaguzi huhesabu wahadhiri wenye uzamifu, vitabu na kompyuta, na huthibitisha kwamba mtaala una saa za kutosha. Hayo ni ya lazima, lakini chuo kinaweza kuyatimiza yote na bado nusu ya wanafunzi wake wa jioni wakatoweka kabla ya mwaka wa tatu. Pia ithibati ya Tume si lazima iwe neno la mwisho. Zaidi ya mwongo mmoja uliopita, wahitimu wa uhandisi wa baadhi ya vyuo vya umma walijikuta hawasajiliki na bodi ya taaluma yao, ijapokuwa walikuwa na shahada halali mikononi. Mtu mzima anayesomea uuguzi, sheria au uhandisi anahitaji majibu mawili: la Tume na la bodi itakayompa leseni. Kwa hiyo ithibati ni sharti la kuingia mlangoni. Haisemi lolote kuhusu safari iliyo mbele.

Kipimo cha cheo na mshahara

Wengi huona kwamba kipimo cha kweli kiko kwenye hati ya mshahara. Mtu hasomi miaka minne ya jioni ili apambe ukuta. Msimamo huu una haki yake. Unaheshimu sababu halisi inayomfanya mfanyakazi akope kwenye Sacco, na unavilazimisha vyuo vifikirie kazi badala ya kurudia mihadhara ya miaka ya 1990.

Lakini hali ya walimu inaonyesha jinsi kipimo hiki kinavyoyumba. Kwa miaka mingi mwalimu wa shule ya msingi aliyepata shahada alitarajia kupandishwa cheo kwa sababu ya shahada hiyo. Masomo ya likizo yalisimama juu ya matarajio hayo. Mkataba wa malipo wa 2017 hadi 2021 ulipoanza kutekelezwa pamoja na miongozo mipya ya kupanda ngazi ya Tume ya Huduma za Walimu, shahada ikakoma kuwa tiketi ya moja kwa moja. Vyama vya walimu vilipinga hadi mahakamani. Mwalimu aliyekuwa amebakiza mihula miwili hakuwa ameharibu chochote, na chuo chake hakikuwa kimeshusha kiwango, ila thamani ya shahada kazini ilibadilishwa na mwajiri katikati ya safari. Tukiipima programu kwa mshahara wa wahitimu wake, tutaisifu au kuilaumu kwa maamuzi yasiyo yake.

Kuna ugumu mwingine. Wanaojiandikisha masomo ya jioni ni watu wenye bidii, na baadhi yao wangepanda cheo hata bila kusoma. Chuo kinachojisifu kwa mafanikio yao huenda kinavuna kisichopanda. Tena wapo wasio na mwajiri wa kuwapandisha: mfanyabiashara wa soko la Kibuye anayesomea uhasibu hana cheo cha kungojea, ila faida yake huonekana katika daftari lake la mauzo, mahali ambapo mtafiti hafiki. Cheo na mshahara ni ushahidi wa kusikilizwa, lakini haufai kuwa hakimu.

Kipimo cha kuridhika

Vyuo vyenyewe hupenda fomu ya mwisho wa muhula: mhadhiri alifika kwa wakati? Alieleweka? Mtaalamu wa Marekani Donald Kirkpatrick, katika makala alizoanza kuchapisha mwaka wa 1959, aligawa upimaji wa mafunzo katika hatua nne: kuridhika kwa waliofunzwa, walichojifunza, mabadiliko katika utendaji wao kazini, na matokeo kwa taasisi. Fomu hii hugusa hatua ya kwanza peke yake. Hata hivyo haifai kudharauliwa. Mwanafunzi wa jioni ndiye wa kwanza kujua kwamba mhadhiri wa muda ameacha kuja kwa sababu hajalipwa, au kwamba alama za somo la mwaka wa pili hazionekani kwenye mfumo.

Kasoro yake kubwa ni kwamba huwauliza waliobaki. Aliyeacha masomo wiki ya sita kwa kukosa karo hapewi fomu. Programu inayowapoteza wanaosumbuka na kubaki na wenye uwezo itaonyesha kuridhika kunakopanda kila mwaka, na wakuu wake watapongezana. Kipimo kinachoboreka kadiri wanafunzi wanavyotoroka hakiwezi kutegemewa peke yake.

Kipimo cha kumaliza

Kinachobaki ni kulihesabu kundi zima tangu siku ya kwanza. Sababu ya kukiweka kipimo hiki mbele ni ya kiuchumi na ya haki pia. Tuchukue mfano wa kubuni. Karo ni shilingi 40,000 kwa muhula, na kozi ina mihula minane. Tangazo litasema shahada inagharimu 320,000. Wakianza watu 100, wakamaliza 50, na wale 50 wengine wakaondoka baada ya wastani wa mihula mitatu, kundi lote litakuwa limelipa milioni 22. Ukigawanya kwa shahada 50, kila shahada imeigharimu jamii ya wanafunzi 440,000. Zile 120,000 za ziada kwa kila shahada zimetoka kwenye mifuko ya watu ambao hawana cha kuonyesha. Hasara hiyo haionekani katika ithibati, katika mshahara wala katika fomu.

Sababu za kuacha masomo zinajulikana. Sheria ya Ajira ya 2007 inazuia makato kuzidi theluthi mbili ya mshahara, kwa hiyo mfanyakazi mwenye mkopo wa nyumba na wa Sacco anaweza kukosa nafasi ya mkopo mwingine, hata wa Jielimishe ambao bodi ya mikopo ya HELB huwapa wenye mishahara. Karo hudaiwa kabla ya mtihani, wakati uleule shule za watoto nazo zinapofungua. Mtumishi wa umma huhamishwa kutoka Kisumu hadi Turkana. Darasa linaloisha saa mbili na nusu usiku humwacha mwanamke akitafuta tuk-tuk ya kumfikisha Kondele na bodaboda ya kumwingiza Migosi, na nyumbani kuna mgonjwa au mtoto mchanga anayemngoja. Halafu kuna kuchelewa kusikosababishwa na mwanafunzi: somo lisilofundishwa muhula huu kwa sababu waliojiandikisha ni wachache, msimamizi wa tasnifu asiyepatikana, na alama zinazopotea hadi jina likakosekana kwenye orodha ya mahafali.

Baadhi ya sababu hizo chuo hakiziwezi, ila nyingi kinaziweza. Ushahidi mzuri ni wa wauguzi. Kuanzia 2005, shirika la AMREF likishirikiana na Baraza la Wauguzi la Kenya liliendesha mafunzo ya kielektroniki ya kuwapandisha wauguzi wa cheti hadi ngazi ya stashahada, likilenga zaidi ya wauguzi 20,000 nchini. Kuwatoa kazini wote na kuwarudisha vyuoni kungefunga wodi na zahanati, na kungechukua miongo. Badala yake, kompyuta na masomo vilipelekwa karibu na hospitali, muuguzi akaendelea na zamu na mshahara wake, na mwisho wake ukawa mtihani wa Baraza, si wa mwalimu wake. Mpango huo ulikuwa na shida zake za umeme na intaneti, lakini muundo wake uligusa vizuizi vikuu vitatu kwa pamoja: umbali, muda na wasiwasi juu ya thamani ya cheti.

Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza husema kwamba mtu mzima huacha masomo kwa sababu za maisha, na si haki kukilaumu chuo. Ni kweli kwa mtu mmoja mmoja. Lakini programu mbili zinazowahudumia watu wa aina moja, katika jiji moja, kwa karo zinazokaribiana, zikitofautiana sana katika idadi ya wanaomaliza, maisha hayawezi kuwa maelezo ya tofauti hiyo yote. Tena kujua ni muhula gani watu huondoka kunaonyesha tatizo liko wapi. Wakiondoka mwaka wa kwanza, huenda walisajiliwa bila ushauri. Wakikwama kwenye tasnifu, kosa liko kwa usimamizi.

La pili ni zito zaidi: chuo kikihukumiwa kwa idadi ya wanaomaliza, kitalegeza mitihani ili kila mtu apite, au kitawakataa wanaoonekana dhaifu. Hatari hii ni ya kweli, na ndiyo sababu kipimo hiki hakipaswi kusimama peke yake. Pale ambapo taaluma ina mtihani wa nje, matokeo yake yachapishwe kando ya idadi ya waliomaliza. Pale ambapo haina, watahini wa nje wapewe uzito halisi badala ya kualikwa kutia sahihi. Kuhusu kuwakataa wanyonge, takwimu zitolewe pamoja na sifa walizoingia nazo wanafunzi, ili chuo kinachowapokea waliopitia cheti na stashahada kisilinganishwe kipofu-kipofu na kinachochagua wenye alama za juu.

La tatu husema kwamba si kila elimu ya watu wazima ina mwisho wa kuhesabika. Mhadhara wa hadhara, kozi fupi ya wavuvi kuhusu kuhifadhi samaki au tamasha la sanaa haviwezi kupimwa kwa wahitimu. Nakubali. Kwa programu hizo kipimo cha kale cha mahudhurio na mijadala bado kinafaa, na chuo cha umma kina wajibu wa kuzifadhili hata kama hazileti karo. Lakini pingamizi hili haliwezi kutumiwa kukinga shahada inayouzwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi. Anayeuza cheti akubali kuhesabiwa vyeti.

Kuna pia wanaodhani kwamba kulazimisha masomo kutamaliza tatizo la watu kuacha. Mwaka wa 2021 Tume ya Huduma za Walimu ilizindua mafunzo endelevu ya lazima kwa walimu, yatolewe na taasisi nne kwa ada ya shilingi 6,000 kwa mwaka, yakifungamanishwa na leseni. Walimu wengi hawakulalamikia masomo yenyewe. Walihoji kwa nini wao walipie kinachotakiwa na mwajiri, na watapata nini. Mtu akilazimishwa hamalizi kwa sababu kozi ni nzuri, humaliza kwa sababu anaogopa. Hapo idadi ya waliomaliza haina maana, na kipimo kinachofaa ni cha mabadiliko darasani.

Muhtasari

Ukiviweka vipimo vyote kwenye mizani moja, kila kimoja kina mahali pake. Ithibati huja kwanza kwa mpangilio, kwa sababu bila hiyo mengine ni bure, lakini hutenganisha halali na haramu tu. Cheo na mshahara huonyesha thamani ya cheti sokoni, ila hutegemea maamuzi ya waajiri. Kuridhika hufichua kasoro za kila siku, lakini husikiliza waliobaki pekee. Kumaliza, kukisindikizwa na mtihani wa nje na muda uliotumika, ndiko kunakosema programu ilimfanyia nini aliyeiamini kwa fedha na jioni zake.

Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu haihitaji sheria mpya ili kuvitaka vyuo vichapishe, kwa kila programu ya jioni, wikendi na mtandaoni, walioanza, waliomaliza na muda waliotumia, kwa sababu vyuo vina rekodi hizo tayari. Mamlaka iliyoundwa kwa Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Elimu ya 2014 nayo ihakikishe kwamba anayekatiza masomo anaondoka na cheti au masomo yanayohesabika kwingine, ili mihula mitatu isiwe hasara tupu. Serikali ya kaunti, hospitali na kampuni zinazowalipia wafanyakazi karo zina nguvu ya kudai takwimu hizo kabla ya kutia sahihi hundi.

Nawe msomaji unayefikiria kujiandikisha, kabla ya kulipa muhula wa kwanza nenda ofisi ya usajili na maswali manne, uombe majibu kwa maandishi: bodi ya taaluma yangu inaitambua kozi hii? Kati ya walioanza, wangapi wamemaliza na kwa miaka mingapi? Nani hutahini? Nikiacha katikati, nitaondoka na nini? Chuo kisichoweza kuyajibu hakijastahili karo yako.